PSIKOLOGI SI MGANGA WA WAZIMU
Ujue mlango wa kupigia hodi

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, tunawauliza swali moja. Kaske ikipasuka, mnajua mahali pa kuomba nyingine. Mkono ukikatwa na chuma, mnajua njia ya dispansere. Lakini usingizi ukikimbia wiki tatu, moyo ukienda mbio kila mara king'ora kinapolia, au jamaa akianza kuzungumza peke yake usiku, mnapiga hodi kwa nani?

Wengi wananyamaza. Mmoja anasema: «Msinipeleke kwa psikologi, mimi si mwenda wazimu.» Mwingine anasema: «Nikimwambia psikologi, kesho wataniondoa kwenye mashine.» Maneno haya mawili yanaleta hasara kubwa. Mtu anaficha shida yake, anashuka mgodini na kichwa kilichochoka, na siku moja mkono wake unachelewa sekunde moja tu. Katika mgodi sekunde moja yatosha kuua, tena haiui yeye peke yake.

Maneno yote mawili yanatoka kwenye mzizi mmoja: tunachanganya watu ambao kazi zao hazifanani. Basi leo tuwatenganishe, mmoja baada ya mwingine.

MAJINA YA MAPACHA

Psikologi na psikiatri: majina haya yanafanana kama mapacha, lakini ukiyapasua utaona tofauti. Mwanzo wao ni neno la Kigiriki lenye maana ya roho au nafsi. Mwisho wa psikiatri ni neno lenye maana ya mganga. Mwisho wa psikologi unataja elimu. Kwa hiyo psikiatri ni mganga anayetibu magonjwa ya akili, na psikologi ni mtu mwenye elimu ya akili na mwenendo wa watu.

Psikiatri amesoma uganga kama waganga wengine wote: anajua moyo, damu, ini na malaria. Baadaye ameongeza masomo juu ya magonjwa ya akili. Anaweza kuandika dawa, kumlaza mgonjwa na kuamuru damu ipimwe. Dawa ya kwanza yenye nguvu kwa wagonjwa wanaosikia sauti zisizokuwapo, iitwayo klorpromazini, ilitiwa katika kazi hiyo mjini Paris mwaka 1952 na mapsikiatri wawili, Jean Delay na Pierre Deniker. Mbele ya hapo wagonjwa wengi walifungwa tu ndani ya kuta.

Psikologi naye amesoma chuo kikuu miaka mingi, lakini hakusoma uganga. Haandiki dawa, hapigi sindano. Chombo chake ni maneno, masikio, macho na vipimo. Katika nchi yetu, chuo kikuu kilipounganishwa kuwa kimoja mwaka 1971, masomo ya psikolojia yaliwekwa Kisangani; leo yanafundishwa Lubumbashi na miji mingine pia.

Kuna wengine wanaosimama karibu nao. Nerologi ni mganga wa ubongo na mishipa ya fahamu: kifafa, kupooza, kichwa kilichogongwa. Psikanalisti ni yule anayefuata njia ya Sigmund Freud, mganga wa Vienna: mgonjwa anasema yote yanayomjia moyoni, naye anamsaidia kuyaelewa, psikanalisti aweza kuwa mganga au psikologi. Asistanti sosiali si mganga wala psikologi: yeye anaangalia nyumba, deni, mjane, yatima, ugomvi wa bwana na bibi, na anajua ofisi gani itoe msaada gani. Padri na mchungaji wanalisha imani. Kila mmoja ana shamba lake.

MGANGA KWANZA

Sasa shika neno hili, kwa maana ni la lazima kwa watu wa mgodi: mtu akibadilika ghafula akili au tabia, mlango wa kwanza ni wa mganga wa kawaida. Kwa nini? Kwa sababu mwili ukiugua, mara nyingi unazungumza kwa mdomo wa akili.

Malaria ikipanda kichwani inamfanya mtu aseme ovyo, na ikikawia kutibiwa inaua. Ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na inzi tsetse, unageuza tabia ya mtu na kumlaza mchana huku usiku yu macho. Mbabula ya makala ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gazi isiyo na harufu. Mtu anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, anaanguka, kisha anakufa. Mwenye ugonjwa wa sukari, sukari ikishuka mno katika damu, anatetemeka na kugombana kama mlevi, wala hakunywa hata kilauri kimoja.

Tena kuna madini yenyewe. Huko Chile, Amerika ya Kusini, wachimbaji wa manganezi waliupa ugonjwa wao jina la «wazimu wa manganezi». Mtu aliyevuta vumbi lake kwa muda mrefu alianza kucheka au kulia bila sababu, kukasirika bure, hata kuona vitu visivyokuwapo. Baadaye miguu ilikuwa migumu, uso ukakauka, na mwendo ukawa wa kutembelea vidole. Jirani angesema amerogwa. Kumbe ni vumbi lililoingia mapafuni na kufika ubongo. Sisi wa Katanga tunalijua madini hayo, kwa kuwa yamechimbwa Kisenge. Je, mtu wa namna hiyo, psikologi atamponya kwa maneno? Hapana. Kwanza mganga, na kwanza kabisa kumwondoa katika vumbi.

Kwa hiyo psikologi mwema hakasiriki ukimwambia: «Nimepita kwa mganga kwanza.» Atafurahi. Na mganga mwema akiisha kupima damu na kuona mwili ni mzima, hasemi «huna kitu, rudi kazini». Atakuonyesha mlango wa pili.

Na mganga wa kienyeji je? Hatutukani mtu. Huko Dakar, kwenye hospitali ya Fann, psikiatri Henri Collomb alifanya kazi tangu miaka ya 1950 pamoja na waganga wa kienyeji, kwa kuwa wao walijua kumrudisha mgonjwa katikati ya jamaa zake. Lakini mahali popote wanapomfunga mgonjwa kwa mnyororo, kumpiga, kumnyima chakula, au kumwambia mwenye kifafa aache vidonge vyake, mwondoe huko upesi.

MAPSIKOLOGI WENYEWE HAWAFANANI

Hapa ndipo watumishi wengi wanapopotea. Ukisema fundi, watakuuliza: fundi wa nini? Fundi wa umeme hashoni suruali. Vivyo hivyo ukisikia psikologi, uliza: psikologi wa nini?

Wa kwanza ni psikologi wa kazi. Huyu ndiye mnayemjua zaidi, kwa kuwa mnakutana naye siku ya kuandikwa kazi, au siku ya kupanda daraja: vipande vya kupanga, michoro ya kukamilisha, taa ya kubonyezea upesi. Kazi yake ni kutafuta mtu anayefaa mahali fulani. Majibu anampa yule aliyemtuma, yaani kampani.

Lakini kupima watu ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kupima kazi yenyewe. Mwaka 1943, wakati wa vita, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama na ndege kubwa za B-17, halafu wakiwa chini wanakunja magurudumu, na ndege inalala tumbo. Walilaumiwa kwa uzembe. Psikologi mmoja, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya ndege na kutazama. Akaona vipini viwili, kimoja cha magurudumu na kimoja cha mabawa, vinafanana na vimewekwa karibu. Kikatiwa kimoja umbo la gurudumu, kingine umbo la kabari, ili mkono utambue bila macho. Makosa yale yakaisha. Shida haikuwa akili ya rubani. Ilikuwa namna ya kupanga vipini. Basi wewe mwendeshaji wa mashine, kama vipini viwili vinakudanganya kila mara, usione haya. Mwambie kapita wako na kamati ya usalama kabla ya ajali.

Wa pili ni psikologi wa kliniki. Huyu anakaa na mtu mwenye shida: aliyeponea katika maporomoko ya mwamba, mama aliyefiwa na mtoto, mtu aliyetekwa na lutuku na hawezi tena kuiacha peke yake. Anasikiliza, anauliza, anafundisha namna ya kurudisha usingizi na kushinda hofu kidogo kidogo. Hafanyi kazi hii ili kukupa alama. Hakupimi ili kukuondoa.

Wa tatu ni psikologi wa shule. Mwaka 1905 mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon, aliyekuwa mganga, walitoa kipimo chao cha kwanza cha akili. Hawakukitengeneza ili kuwacheka watoto. Walitaka kujua ni watoto gani wanaohitaji mafundisho ya namna yao. Hata leo, mtoto akishindwa kusoma, psikologi wa shule atafuta sababu: hasikii vizuri? Haoni ubao? Ana hofu ya nyumbani? Fimbo haijapata kumjibu mtu maswali hayo.

Wa nne ni yule wa utafiti, anayefundisha chuo kikuu na kutafuta mambo mapya. Wilhelm Wundt alipofungua nyumba ya majaribio ya psikolojia huko Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, hakuwa akitibu mgonjwa. Alipima jinsi macho, masikio na mawazo yanavyofanya kazi. Hivyo usishangae psikologi mmoja akikuambia: «Shida yako si ya fani yangu.» Hakudharau. Amesema ukweli.

KIPIMO SI KICHWA CHAKO CHOTE

Watu wa Katanga wana sababu yao ya kuogopa neno psikologi, na tuiseme waziwazi. Katika miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa na kituo chake cha psikolojia huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mapsikologi kama Paul Verhaegen na Jean-Louis Laroche walipima watumishi na watoto wa shule. Kwa wazee wetu, psikologi akawa mtu wa mtihani: leo anakuchekea, kesho jina lako haliko kwenye orodha.

Lakini sikilizeni jambo lililoonekana miaka ile ile. André Ombredane, mwalimu wa chuo kikuu cha Bruxelles, aliyekuwa mganga na psikologi pia, aliwapa watu wa Congo mtihani wa michoro ya rangi. Kisha yeye na wenzake wakarudia mtihani ule ule na watu wale wale. Mwaka 1956 walitangaza matokeo: kadiri walivyorudia, watu walifanya vizuri zaidi. Akili zao hazikukua kwa siku chache. Walikuwa tu wamezoea michoro na kuelewa wanachoulizwa. Basi alama ya siku moja ni alama ya siku moja. Ukishindwa kwa kuwa hukuelewa swali, kwa kuwa ulitoka kazi ya usiku, au kwa kuwa lugha ilikuwa ngumu, una haki ya kuyasema na kuomba kupimwa tena.

TUTAZAME MGODI WA SAN JOSÉ

Ili kuona watu hawa wote kazini pamoja, turudi Chile, safari hii katika mgodi wa shaba na zahabu wa San José, karibu na mji wa Copiapó. Tarehe 5 Agosti 2010 mwamba uliporomoka, wanaume 33 wakafungiwa chini, karibu metre 700. Siku 17 hakuna aliyejua kama wako hai. Tarehe 22 Agosti chombo cha kutobolea kiliwafikia, wakafunga karatasi kwenye chuma chake: sisi 33 tu wazima katika maficho. Walitolewa tarehe 13 Oktoba, baada ya siku 69.

Tazameni kila mmoja alivyofanya. Kiongozi wa zamu, Luis Urzúa, aligawa chakula kidogo kilichokuwapo na kushika utaratibu. Yonni Barrios, mchimbaji aliyejua mambo kidogo ya tiba, aliwapima wenzake na kuwachoma sindano za kinga. José Henríquez aliongoza sala. Waganga juu walipima chakula cha kushusha, kwa maana tumbo lililokaa na njaa haliwezi kujazwa ghafula. Psikologi Alberto Iturra alizungumza nao kwa simu, na wataalamu wa NASA, wanaojua maisha ya watu waliofungiwa angani, walikuja kutoa shauri juu ya mwanga, usingizi na ratiba ya siku. Hakuna aliyechukua nafasi ya mwingine. Sala haikushusha chakula. Chakula hakikuondoa hofu.

Hata hivyo kulitokea ugomvi. Barua za jamaa zilisomwa kwanza juu kabla ya kushushwa, ili zisilete huzuni. Wachimbaji walipotambua, walikasirika sana. Walikuwa na haki ya kuuliza: huyu anayetusaidia, anatusikiliza au anatulinda kama wafungwa? Na baada ya kutoka, wakati makamera yalipokwenda zao, wengi wao waliendelea kusumbuliwa na usingizi mbaya na hofu. Kutoka shimoni si mwisho wa ajali. Bibi wa mchimbaji ajue hilo.

SIRI

Sasa tumefika penye jiwe la msingi. Swali la mtumishi ni hili: «Nikisema, nani atajua?»

Psikologi wa kazi anayekupima kwa ajili ya cheo, majibu yake yanakwenda kwa kampani. Hilo si siri, na lazima akuambie tangu mwanzo. Lakini mganga, psikiatri, muuguzi na psikologi wa kliniki wanashika siri ya kazi yao, na sheria ya adhabu ya Congo inamhukumu mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake. Mganga wa kazi akimwandikia mkubwa wako, aseme tu kama unaweza kutumika mahali fulani au huwezi. Jina la ugonjwa si la mkubwa.

Basi kabla ya kufungua kinywa, uliza maswali matatu, kwa heshima na bila hofu:
— Bwana, au Mama, wewe ni mganga au psikologi? Psikologi wa nini?
— Nani amekutuma: kampani, hospitali, au mimi mwenyewe nimekuja?
— Haya nitakayosema, nani atayasoma?

Mtu wa kweli atajibu bila kukasirika. Akikataa kujibu, funga mdomo wako, umtafute mwingine.

Lakini siri ina mpaka. Mtu akisema atajiua au ataua mwenzake, anayesikia hatakaa kimya. Atatafuta msaada ili kuokoa uhai. Nawe, ukiwa rafiki au jamaa, fanya hivyo hivyo.

MLANGO GANI?

Kateni orodha hii, muibandike ukutani.

1. Homa na maneno ya ovyo, kuanguka na kutetemeka, kichwa kilichogongwa, kubadilika ghafula: mganga, siku ile ile.

2. Kusikia sauti, kuona wasiokuwapo, kukaa siku nyingi bila kula wala kusema, kutaka kujiua: hospitali, halafu psikiatri. Usimwache peke yake. Ondoa kamba, dawa na visu karibu naye. Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain cha Mafrere wa Charité, Bukavu kuna Sosame, Kinshasa kuna CNPP.

3. Baada ya ajali: ndoto mbaya, kushtuka, kuona tena mambo yale yale, kukwepa mahali pale. Siku za kwanza ni jambo la kawaida. Mtu apumzike, akae na wenzake, asitafute usingizi ndani ya chupa. Ikipita mwezi mmoja bila kupungua, au ikimzuia kufanya kazi: mganga wa kazi, naye atamtuma kwa psikologi wa kliniki.

4. Mtoto anayeshindwa shuleni: kwanza macho na masikio yapimwe, kisha mwalimu na psikologi wa shule.

5. Deni, ugomvi wa nyumba, mshahara usiofika nyumbani: asistanti sosiali.

6. Mashine inayodanganya mikono, zamu zinazovunja usingizi wa kikundi kizima: kapita, kamati ya usalama, mjumbe wa sendika, na psikologi wa kazi. Hapo mgonjwa si mtu. Mgonjwa ni kazi.

Mahali pasipo na psikologi, na ni pengi katika nchi yetu, anzeni na muuguzi wa dispansere. Ajua njia ya kwenda mbele.

Ndugu mtumishi, huoni haya kumwambia mwenzako kwamba kamba yake imechakaa. Basi usione haya kumwambia: «Siku hizi hulali, hucheki, na jana ulisahau kufunga umeme. Twende kwa mganga, nitakusindikiza.» Na kama wewe ndiye unayeambiwa hivyo, usikatae. Aliyekuambia ndiye atakayekuwa kando yako chini ya mwamba.